Treni iko chini, athari ziko juu

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kutathmini athari za reli za chini ya ardhi kwa mazingira, wengi huuliza kuna athari gani pale ambapo treni haionekani. Ni swali la haki. Reli ya juu hukata mashamba, huvuka mito, huhamisha watu na kuwapigia kelele waliobaki. Ya chini inadhaniwa kupita kimyakimya, mita 20 au 30 chini ya misingi ya nyumba. Ndiyo maana katika kurasa za mwanzo za upembuzi yakinifu wa miradi hii utakuta imeandikwa kwamba athari kwa mazingira zitakuwa ndogo. Sentensi hiyo huipigia mstari kila ninapoikuta, kwa sababu mara nyingi imeandikwa kabla ya mtu yeyote kuuliza udongo utatokea wapi.

Handaki lenyewe, tena likichimbwa kwa mashine ya kisasa, huenda likawa sehemu tulivu kuliko zote katika mradi. Mashine hukata ardhi kwa mbele, na nyuma yake papo hapo hupanga vipande vya zege vinavyofunga duara, kisha mwanya uliobaki kati ya zege na ardhi hujazwa uji wa saruji. Kazi ikienda vizuri, ardhi inayolegea na kupotea haizidi sana asilimia 1 ya ujazo wa handaki. Vurugu ziko kwenye mashimo ya vituo, mashimo ya kupitishia hewa, mahali mashine inapoingilia na kutokea, karakana ya treni na barabara za malori. Zote hizo zinagusa uso wa ardhi, na mahali pa kuziweka huamuliwa mapema sana. Tathmini ikija baada ya maamuzi hayo, inabaki kuelekeza namna ya kumwagia vumbi maji.

Tuanze na udongo. Chukua handaki lenye kipenyo cha nje cha mita 7. Kila kilomita moja hutoa takriban mita za ujazo 38,500 za ardhi, na kwa kuwa njia nyingi zina mahandaki mawili, moja la kwenda na moja la kurudi, hesabu inafika 77,000. Lakini ardhi ikishachimbwa hufumuka. Ikifumuka kwa nusu ya ujazo wake wa awali, na zipo aina za miamba zinazofumuka hivyo, unakaribia mita za ujazo 115,500. Lori linalobeba mita za ujazo 10 litajazwa mara 11,550, na kwa kuwa kila lori huja tupu na kuondoka limejaa, mtaa ulio karibu na shimo utapitiwa na malori zaidi ya mara 23,000 kwa kilomita moja tu ya njia. Hapo hatujagusa vituo.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalowauliza wahandisi ni hili: udongo unatokea wapi na unaondoka kwa usafiri gani? Shimo la kuanzia likiwekwa karibu na reli iliyopo au karibu na mto unaopitika, malori hayo mengi hayahitajiki kabisa. London walifanya hivyo walipojenga njia inayoitwa leo Elizabeth, iliyofunguliwa Mei 2022. Sehemu kubwa ya udongo wa mahandaki ya upande wa magharibi ilisafirishwa kwa treni za mizigo, ikapakiwa melini, na zaidi ya tani milioni 3 za udongo wa mradi zikapelekwa kisiwa cha Wallasea, Essex, kuinua ardhi na kutengeneza maeneo oevu kwa ajili ya ndege wa pwani. Jambo kama hilo halitokei kwa bahati. Lazima mpokeaji wa udongo apatikane, vibali vitolewe na gati lijengwe kabla mashine haijaanza kuzunguka.

Tena udongo wenyewe hautoki jinsi ulivyokuwa. Mashine zinazochimba ardhi laini huchanganya povu la kemikali ili udongo ulainike na kusukumika. Nyingine hutumia tope la bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa. Ukipita chini ya viwanda vya zamani unaweza kukutana na mafuta au metali nzito zilizozama huko miaka mingi iliyopita. Mkandarasi ataita vyote kifusi. Mimi nitataka vipimo vya maabara kwa kila aina ya udongo, na mahali pa kuuhifadhi mpaka majibu yatoke, kwa sababu eneo hilo la kuhifadhi linahitaji nafasi, na nafasi ndiyo ya kwanza kupunguzwa ramani inapobana.

Sasa maji. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko mahali pengine, na hapa ndipo ripoti nyingi huwa nyepesi. Kupima maji ya chini ya ardhi hakuna fahari yoyote: unafungua kifuniko cha bomba jembamba lililozamishwa kwenye kisima cha uchunguzi, unashusha utepe wenye kitambuzi nchani, unasikiliza. Kikigusa maji kinalia. Unapandisha kidogo, unashusha tena ili uhakikishe, unasoma sentimita kwenye ukingo wa bomba, unaandika na saa. Usomaji mmoja haukuambii kitu. Unahitaji mwaka mzima angalau, masika na kiangazi, ndipo ujue maji hupanda na kushuka kiasi gani yenyewe, bila mradi. Bila takwimu hizo, siku kisima cha mtu kitakapokauka hakuna atakayeweza kuthibitisha kama ni ukame au ni shimo la kituo.

Shimo la kituo linaweza kudhuru maji kwa njia mbili zinazopingana. Wakati wa ujenzi, maji yakipampiwa nje ili wafanyakazi wakae pakavu, kiwango cha maji ya chini ya ardhi hushuka hata nje ya uzio. Udongo wa mfinyanzi ukipoteza maji husinyaa, na nyumba zilizo juu yake hudidimia taratibu; majengo ya kale yaliyosimama juu ya nguzo za mbao huathirika zaidi, kwani mbao iliyokaa majini karne nzima huanza kuoza ikifikiwa na hewa. Ujenzi ukiisha, tatizo hugeuka. Sanduku la zege lenye urefu wa mita 200 na kina cha mita 30 limekuwa kama ukuta wa bwawa: maji yanayotoka juu ya mteremko yanalundikana upande mmoja na kupungua upande wa pili. Vyumba vya chini vinaanza kuvuja huku, miti inakosa maji kule. Dawa yake ni kuweka njia za kuyapitisha maji chini au kandokando ya kituo, na ni rahisi zikichorwa tangu mwanzo.

Amsterdam ilionyesha uzito wa mashimo haya. Mwaka 2008, wakati njia ya Noord/Zuid inajengwa, kuta za zege za shimo la kituo cha Vijzelgracht zilivuja, maji yakaingia na mchanga, na nyumba za kale zilizokuwa pembeni zikadidimia zaidi ya sentimita 10. Njia hiyo ilifunguliwa Julai 2018. Köln, Ujerumani, ilikuwa mbaya zaidi: tarehe 3 Machi 2009 jengo la hifadhi ya nyaraka za jiji liliporomoka kando ya shimo la ujenzi wa reli ya chini ya ardhi, watu 2 wakafa, na kumbukumbu za karne nyingi zikafukiwa kwenye tope. Hakuna hata moja kati ya haya lililosababishwa na mashine ya kuchimba handaki. Yote mawili yalianzia kwenye ukuta wa shimo lililochimbwa kutoka juu.

Kwa sababu hiyo ukaguzi wa nyumba kabla ya ujenzi nauchukulia kama sehemu ya tathmini, ingawa wengine huuacha kwa kampuni za bima. Unaingia chumba kwa chumba pamoja na mwenye nyumba, unapiga picha kila ufa na rula ikiwa pembeni, unaandika upana wake na unapoelekea, mwishoni mnatia sahihi wote wawili na kila mmoja anabaki na nakala. Mwenye nyumba asiye na nakala hiyo hana silaha yoyote siku atakapodai fidia. Naye mkandarasi mwaminifu inamlinda, kwani nyufa nyingi zilikuwepo kabla yake.

Mitetemo ni ya aina mbili pia. Ya ujenzi inaudhi lakini hupita. Mashine husogea, na mtaa mmoja huisikia kwa muda mfupi tu. Ya treni hukaa miaka 100. Magurudumu hutikisa reli, reli hutikisa zege, zege hutikisa ardhi, na mwishoni mtu aliyelala ghorofa ya kwanza anasikia mngurumo mzito usiojulikana unakotoka. Miradi mingi hulenga usizidi desibeli 35 hadi 40 ndani ya nyumba za kuishi. Maabara zenye darubini za elektroni na kumbi za muziki huhitaji masharti makali zaidi. Suluhisho lipo: reli hulazwa juu ya bamba zito la zege linaloelea kwenye mpira au springi. Lakini bamba hilo hula nafasi ndani ya handaki, na kipenyo cha handaki kikishapitishwa huwezi kukipanua kwa sababu umegundua hospitali kwenye ramani.

Niseme kuhusu karakana, kwa kuwa husahaulika zaidi. Mumbai wamejenga njia ya 3 ya metro, yenye urefu wa kilomita 33 na zaidi, karibu yote chini ya ardhi. Mgogoro wake mkubwa wa mazingira haukuhusu handaki. Ulihusu karakana ya treni katika eneo lenye miti mingi la Aarey. Oktoba 2019 miti zaidi ya 2,000 ilikatwa ndani ya siku chache, kuanzia usiku uleule mahakama ilipotupilia mbali mapingamizi, na Mahakama ya Juu ya India ilipoamuru ukataji usimame, karibu yote iliyolengwa ilikuwa chini. Treni lazima zilale mahali na zifanyiwe matengenezo, na mahali hapo ni makumi ya hekta za ardhi tambarare. Tathmini isiyopima maeneo mbadala ya karakana kwa uzito uleule wa njia haijakamilika, hata kama sura zake nyingine ni nzuri.

Singapore ni mfano ninaopenda kuwaonyesha wenye miradi. Njia ya Cross Island ilipendekezwa ipite chini ya Hifadhi ya Central Catchment, msitu wa mvua wenye vijito na viumbe adimu. Watu wa uhifadhi walipinga, na si kwa handaki peke yake: walihofia uchunguzi wa udongo, maana kuchoronga visima kunahitaji mashine, njia za kuingilia na maji ya tope yanayoweza kumwagika vijitoni. Tathmini ya awamu ya kwanza ikafanya visima ndani ya hifadhi vipunguzwe kutoka 72 hadi 16, vikisaidiwa na vipimo visivyohitaji kutoboa. Desemba 2019 serikali iliamua njia ipite moja kwa moja chini ya hifadhi, kwa kina cha mita 70 hivi, bila ujenzi wowote juu ya uso wake. Wapo ambao hawakuridhika mpaka leo, na wana hoja. Ila pale tathmini ilibadilisha kazi yenyewe, na hilo ni nadra.

Upande wa hewa ukaa, nawasihi watu wapunguze shangwe. Treni ya umeme ni safi, lakini kituo kirefu cha chini kina zege na nondo za kutisha, na saruji peke yake inachangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Deni hilo hulipwa na abiria walioacha magari. Wakiwa wametoka kwenye mabasi yaliyokuwa yakijaa vizuri, malipo yanakwenda polepole mno. Kituo kikipandishwa mita 10 karibu na uso wa ardhi, hewa ukaa inayoepukwa kwa kupunguza saruji inaweza kuwa nyingi kuliko ile itakayoepukwa kwa kubadilisha taa zote za njia.

Joto nalo lina historia. Udongo wa mfinyanzi wa London ulikuwa na nyuzi joto 14 hivi mahandaki ya kwanza yalipochimbwa; sasa umefika kati ya 19 na 26, kwa joto la breki, injini na watu. Tangu 2020 hewa moto inayofyonzwa kwenye kituo cha zamani cha City Road inasaidia kupasha joto nyumba za Islington, eneo la London. Njia mpya inaweza kupangiwa hilo tangu michoro ya kwanza ya mashimo ya hewa. Vumbi la chuma linalotokana na breki na magurudumu, ambalo abiria hulivuta wakiwa jukwaani, lipangiwe hapohapo pia.

Nikiletewa ripoti ya mtu mwingine niihakiki, nafungua kwanza sura ya njia mbadala. Nikikuta mbadala mbili dhaifu zilizowekwa ili zishindwe, najua njia ilichorwa kabla ya mtaalamu wa mazingira kuitwa. Kisha naenda kwenye jedwali la ufuatiliaji. Hapo natafuta viwango vitatu kwa kila kipimo, cha kuangalia, cha kuchukua hatua na cha kusimamisha kazi, na mbele ya kile cha tatu natafuta cheo cha mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuzima mashine usiku bila kupiga simu makao makuu. Pakiwa patupu, ripoti nairudisha.