Viputo kwenye kioo cha tanuri: hewa hufungiwa kabla kioo hakijashikana

Tangu karakana yetu ianze kupokea kazi za mafundi na wanafunzi wa nje, lalamiko linalojirudia ni moja: shiti mbili za kioo cheupe, za kuunganishwa kwa moto, zimeingia tanurini safi, zimetoka na viputo. Wengi hulaumu tanuri. Mara nyingi tatizo ni ratiba ya moto na jinsi kioo kilivyopangwa.

Shiti mbili zikilaliana, hata zikionekana zimegandana, katikati mna hewa. Moto ukipanda haraka, kingo hulainika na kuziba kabla ya katikati, hewa ikakosa pa kutokea. Tanuri la vyungu lenye waya za moto ubavuni lina tabia hii zaidi, kwa sababu kingo ndizo zinazotazamana na waya. Lenye waya kwenye mfuniko lina nafuu.

Dawa ni kuipa hewa muda wa kutoka wakati kioo kimeanza kulegea lakini hakijashikana. Kwa shiti mbili za milimita 4 za kioo cha dirisha, upana usiozidi sentimita 30, panda nyuzi 150 za Selsiasi kwa saa hadi 600. Kutoka hapo punguza mwendo: nyuzi 50 kwa saa hadi 680, kisha shikilia hapo dakika 45. Shiti ya juu hulala taratibu na kusukuma hewa kingoni. Isaidie kwa kuweka chenga ya kioo hicho hicho, isiyozidi milimita 1, kwenye kila pembe kati ya shiti hizo. Ukichungulia kwa ubavuni kabla ya kufunga utaona mwanya mwembamba kama unene wa kadi ya benki. Hivyo katikati hugusana kwanza, pembe mwisho. Ndipo upande nyuzi 200 kwa saa hadi 820 au 830, ukae dakika 10. Matanuri hayalingani, kwa hiyo jaribu kwanza na kipande kidogo.

Tunaomba wazo la kwamba moto mkali zaidi "utatoa viputo" liachwe. Tumeshalieleza mara nyingi. Kioo kwenye nyuzi 830 bado ni kizito, kiputo hakipandi kikatoka. Ukiongeza joto, hewa iliyofungiwa hutanuka na kiputo hukua.

Lengelenge kubwa lililoinuka kama kuba lina chanzo kingine: hewa au unyevu chini ya kioo. Laza rula ya chuma juu ya rafu ya tanuri inayobeba kioo na umulike tochi nyuma yake. Mwanga ukipenya, hapo pana bonde. Unga wa kinga uliopakwa kwenye rafu ili kioo kisigandie ukaushwe kwa nyuzi 260 kwa dakika 20 kabla ya kupanga kioo. Karatasi ya nyuzinyuzi inayostahimili moto, ya milimita 1, ikitandikwa chini huipa hewa njia. Ikatwe na kufagiwa ukiwa umevaa barakoa ya vumbi. Usiyeyushe shiti moja ya milimita 3 peke yake. Kioo kilichoyeyuka hutafuta unene wa milimita 6 hadi 7, hivyo kingo hujivuta ndani, katikati hukonda, na hewa ya chini hupasukia hapo. Ukuta wa lengelenge hilo ni mwembamba na hukata kama wembe. Usiuguse kwa mkono mtupu.

Gundi ya kushikiza shiti kabla ya moto iwe tone dogo, tena pembeni. Kioo cha mbele cha gari hakipokelewi kabisa, kwa kuwa kina plastiki katikati inayoungua.

Kwa watumiaji wa matanuri yetu: kila kazi iambatane na fomu yenye unene wa kila shiti, idadi ya tabaka, aina ya gundi na ratiba ya moto, hatua kwa hatua, na sahihi ya msimamizi wa zamu. Shiti zote zitoke kwenye kioo kimoja, maana vioo vya asili tofauti hutanuka tofauti na kupasuka. Kazi isiyo na fomu haipangwi tanurini. Kioo kikigandia rafu isiyopakwa kinga, mwenye kazi hulipa gharama ya rafu. Wakati wa kupoa, joto hushikiliwa nyuzi 550 kwa saa moja, kisha hushuka nyuzi 50 kwa saa hadi 430, ndipo tanuri huzimwa. Anayefungua mlango kabla ya joto kufika chini ya nyuzi 60 hupoteza zamu mbili zinazofuata, hata kama kioo chake kimetoka kizima.