Texas haijajitenga, jamani: kususa, kutengua na kujitenga

Juzi nimekaa kwenye kiti saluni, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, kinyozi akazima mashine akanisogezea simu machoni. Klipu ya zamani, ya Januari 2024, ile ya waya wa wembe ambao Texas iliuweka kuzuia wahamiaji wanaovuka kutoka Mexico, ukingoni mwa mto Rio Grande pale mji wa Eagle Pass, askari wa Texas wamesimama, halafu sauti ya jamaa inatangaza kama matokeo ya mpira, eti Texas yajitenga rasmi na Marekani. "Kaka, hawa si ndo walishajitoa?" Nikamwambia hapana, hawajajitoa. "Aa, si unaona mwenyewe hapo." Nikanyamaza, maana muda huo alishashika wembe na yuko shingoni kwangu, si wakati wa kubishana.

Ila nimechoka. Hii nimeisikia kwenye daladala, nimeisikia msibani, kila gavana wa huko akigombana na Washington basi kesho yake "amejitenga". Kwa hiyo leo naandika.

Maana yenyewe ni fupi. Kujitenga, kwa maana ya kisiasa, ni sehemu ya nchi kujitoa moja kwa moja na kuwa nchi nyingine, na mipaka yake, na serikali yake isiyo chini ya mtu. Wanasheria wa huko wanaita sesesheni. Basi, hiyo ndo maana. Kinachonikera ni kwamba kuna vitu vitatu tofauti na watu wanavitia kapu moja, wakati Kiswahili chetu kina neno la kila kimoja: kususa, kutengua na kujitenga.

Tuanze na kususa, maana hata hiyo sesesheni asili yake ni kususa. Neno ni la Kilatini, secessio, yaani kwenda pembeni. Mwaka 494 kabla ya Kristo makabwela wa Roma walikuwa wamebanwa na madeni mpaka mtu anafungwa kwa kushindwa kulipa, wakaona isiwe tabu, wakatoka mjini wakaenda kukaa kilimani, Mlima Mtakatifu wanauita, wakawaachia matajiri mji wao wajilinde wenyewe. Hawakuanzisha nchi! Walikaa kule wakisubiri kubembelezwa, na wakabembelezwa kweli, wakapewa haki ya kuwa na matribuni wa kuwatetea, wakarudi nyumbani. Sasa hiyo kwa Kiswahili si kujitenga hata kidogo, ni kususa, kama mtoto aliyekataa chakula kaenda kukaa barazani huku sikio liko mezani. Na kanga zetu zina onyo lake, ukisusa wenzio twala, ila kule Roma wenzao hawakuthubutu kula.

(Na kwa kuwa nimetaja kanga: zile shuka za merikani zilizojaa Zanzibar karne ya 19 zilikuwa zinakuja kwenye meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, huko Marekani, ndo maana zikaitwa hivyo. Majimbo ya kusini yalipojitenga kweli mwaka 1860 na 1861, vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaharibu biashara ya pamba na merikani halisi ikaadimika huku kwetu. Kwa hiyo wazee wetu walijua kujitenga kwa kweli kunafananaje, walikuona kwenye bei ya nguo.)

Cha pili ni kutengua. Hili neno Mtanzania yeyote mwenye redio analijua, "Rais ametengua uteuzi wa fulani", na akili yake ni nyepesi: aliyeweka ndiye anayetengua. Na ugomvi mzima wa wahafidhina wa Marekani (watu wa siasa za kulia, siku hizi wengi wao Republican) kuhusu majimbo umelala hapohapo, kwenye swali la nani aliweka. Mwaka 1832 South Carolina ilichoshwa na ushuru wa bidhaa kutoka nje, ikakaa kikao ikatangaza kwamba sheria za ushuru za mwaka 1828 na 1832 ni batili ndani ya mipaka yake. Mwanafalsafa wao alikuwa John C. Calhoun, ambaye, sikiliza hii, alikuwa makamu wa rais wa nchi hiyohiyo, akajiuzulu Desemba ile. Hoja yake: muungano ni mapatano, majimbo ndo yaliyoutengeneza, kwa hiyo jimbo linaweza kutengua kilichozidi mapatano. Rais Andrew Jackson, mtu wa kusini na mmiliki wa watumwa vilevile, hakucheka nao, akasema hiyo ni kuvunja muungano, akaomba bunge ruhusa ya kutumia jeshi. Mwaka uliofuata wakapatana kwa kushusha ushuru. South Carolina ikaondoa tangazo lake, ila kwa kiburi ikaitengua na ile sheria ya jeshi, yaani ikabaki na la mwisho.

Unaona tofauti? Anayetengua anasema mimi nimo humu ndani, ila sheria hii kwangu haipiti. Hajaenda popote.

Cha tatu ndo kujitenga chenyewe. South Carolina tena (hawa jamaa!), tarehe 20 Desemba 1860. Ukisoma tamko lao ni fupi sana, na walichofanya kisheria ni kuifuta ridhaa yao ya tarehe 23 Mei 1788, siku walipoikubali katiba ya Marekani. Kwa maneno mengine waliona wao ndo waliweka sahihi na wao ndo wanaifuta, ni akili ileile ya kutengua ila safari hii wametengua ndoa nzima. Wakafuata wengine, Texas ikapiga kura ya kujitoa tarehe 1 Februari 1861, gavana wake Sam Houston akakataa kuapa utii kwa serikali mpya wakamng'oa kwenye kiti, na mwisho wakawa majimbo 11.

Hapa niseme kitu kimoja maana huwa kinapotoshwa makusudi. Kuna wanaosema kusini ilijitenga kutetea "haki za majimbo" tu. Soma maelezo ya South Carolina wenyewe waliyotoa Desemba ileile: wanalalamika kwamba majimbo ya kaskazini yanakataa kuwarudisha watumwa waliotoroka, yanatunga sheria za kuzuia wasikamatwe. Yaani kosa la kaskazini lilikuwa kutumia haki za majimbo! Mhafidhina makini wa huko analijua hili na halimfurahishi.

Sasa sheria inasemaje. Kesi kubwa ni Texas dhidi ya White, mwaka 1869, na chanzo chake ni pesa wala si falsafa. Texas ilikuwa na hati za dhamana za serikali kuu tangu makubaliano ya mwaka 1850, serikali ya waasi ikaziuza wakati wa vita, vita ilipoisha Texas ikaenda Mahakama Kuu ya Marekani kuzidai. Waliozinunua wakajitetea: nyie si mlijitoa, mnashtaki hapa kama nani? Jaji mkuu Salmon Chase akajibu kwamba Texas haikuwahi kutoka hata siku moja, kwamba huu ni muungano usiovunjika wa majimbo yasiyovunjika, na tamko lao la 1861 lilikuwa karatasi tu. Akaacha matundu mawili: mapinduzi, au ridhaa ya majimbo mengine. Wahafidhina wanaompinga hukumbusha kwamba Chase alikuwa waziri wa fedha wa Rais Abraham Lincoln, aliyeongoza upande wa kaskazini, wakati wa vita ileile, kwa hiyo refa alishawahi kuchezea timu moja. Ni hoja ya haki kabisa, lakini hukumu hiyo kuhusu kujitenga ipo na haijafutwa mpaka leo.

Na hilo tundu la mapinduzi lisikudanganye, si kifungu cha sheria. Mapinduzi ukishinda unakuwa baba wa taifa, ukishindwa unakuwa mhaini. Lincoln mwenyewe kwenye hotuba ya kuapishwa mwaka 1861 alikiri watu wana haki ya kimapinduzi, alichokataa ni kuivalisha nguo za kisheria.

Kwa hiyo ukisikia "wahafidhina wa Marekani wanataka kujitenga", uliza wepi. Antonin Scalia, jaji wa Mahakama Kuu ambaye wahafidhina wanamtaja kama watu wanavyomtaja shehe wao, aliandika kwenye barua mwaka 2006 kwamba kama kuna suala la kikatiba lililomalizwa na vita ile, basi ni kwamba haki ya kujitenga haipo. Upande mwingine, chama cha Republican cha Texas mwaka 2022 kiliweka kwenye ilani yake kutaka kura ya maoni ya uhuru, na Marjorie Taylor Greene, mbunge wa Georgia wakati ule, Februari 2023 akaja na "talaka ya taifa". Talaka! Kama mtu hajawahi kugawana hata sufuria ndo anaongea hivyo, maana hapo kuna deni la taifa, kambi za jeshi na pensheni za wazee. Na wala si wao peke yao, Trump aliposhinda mwaka 2016 ni watu wa California waliokuwa wanaongelea kujitoa.

Na ile stori kwamba Texas ina ruhusa maalumu ya kuondoka kwa sababu ilikuwa nchi kamili kuanzia 1836 mpaka 1845, hiyo haipo. Makubaliano ya 1845 yanaruhusu Texas kugawanywa ikazaa majimbo mengine mpaka manne. Kuzaa tu, kuondoka hakumo.

Turudi Eagle Pass. Kilichotokea ni kwamba tarehe 22 Januari 2024 Mahakama Kuu, majaji 5 kwa 4, iliwaruhusu askari wa mpakani wa serikali kuu waendelee kukata ule waya. Siku mbili baadaye gavana Greg Abbott akatoa tamko kwamba serikali kuu imevunja mapatano kati ya Marekani na majimbo. Neno "mapatano" ndo lililowaamsha watu, maana ni neno la Calhoun, anayejua historia lazima ashtuke. Tena bustani yenyewe ambayo askari wa Texas waliwafungia geti askari wa mpakani wa serikali kuu inaitwa Shelby Park, kwa jina la jenerali Joseph Shelby wa jeshi la waliojitenga, ambaye mwaka 1865 badala ya kusalimu amri alivuka mto pale pale akaingia Mexico. Mtunga riwaya angeambiwa amezidisha chumvi.

Lakini Abbott alidai nini? Alidai katiba ya Marekani yenyewe inampa jimbo haki ya kujilinda likivamiwa, na kwamba haki hiyo iko juu ya sheria za kawaida za bunge. Hapo anakaribia kutengua, sawa. Kujitenga hakumo kwenye tamko lake, magavana 25 wa Republican waliomuunga mkono hawakukutaja, na Texas iliendelea kupeleka wabunge wake Washington kama kawaida.

Nilitaka nimwambie kinyozi aseme tu "Texas imegoma kutii mahakama", halafu nikaikagua nayo nikaona haikai sawa. Mahakama ile siku ile haikuiamuru Texas kufanya chochote. Iliondoa zuio lililokuwa limewekewa serikali kuu, kwamba na nyie mnaweza kukata. Haikusema Texas isiongeze waya mwingine. Kwa hiyo huyu anakata, yule anafunga mpya nyuma yake, na wote wawili wako ndani ya amri. Geti la Shelby Park ndo ubishi wenyewe, na ubishi ule, kaka yangu, unakaribia kutengua, si kujitenga.