Je, wajua kwa nini mvinyo wenye sukari huweza kuitwa "mkavu" nchini Ujerumani?

Tuseme chupa mbili za mvinyo mweupe zimewekwa mezani. Ya kwanza ina gramu 8 za sukari katika kila lita, na kibandiko chake kimeandikwa trocken, neno la Kijerumani lenye maana ya "kavu". Ya pili ina gramu 8 zilezile, lakini mwenye shamba haruhusiwi kuliandika neno hilo. Hakuna aliyekosea kupima wala aliyependelewa, kwani tofauti imo katika uchachu wa zabibu.

Ukavu unaozungumzwa hapa ni kinyume cha utamu. Zabibu zikikamuliwa, maji yake huwa matamu mno. Kisha hamira huila ile sukari na kuigeuza kuwa kileo na gesi ya kaboni dayoksaidi, na takriban gramu 17 za sukari katika lita huzaa asilimia 1 ya kileo. Maji yenye gramu 200 za sukari yakiachwa yachachuke hadi mwisho, hutoa mvinyo wenye kileo cha karibu asilimia 12, na sukari inayosalia ni kidogo sana.

Sheria ya Umoja wa Ulaya, ambayo Ujerumani huifuata, inauita mkavu mvinyo wenye sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita. Hata hivyo inaruhusu sukari ifike gramu 9, ili mradi asidi, yaani ule uchachu wa zabibu, isiwe pungufu ya sukari hiyo kwa zaidi ya gramu 2. Chupa yetu ya kwanza ina asidi ya gramu 7, kwa hiyo imepita. Ya pili ina gramu 5 tu, nayo imezuiwa. Naiona sheria hii kuwa ya busara, kwa sababu imeusikiliza ulimi: aliyewahi kukamua ndimu kwenye jagi la maji anajua kwamba vijiko viwili vya kwanza vya sukari humezwa na ukali wa ndimu, na utamu hauonekani.

Zabibu inayofaidika zaidi na nafasi hiyo ni Riesling, ambayo imetajwa katika maandishi ya mji wa Rüsselsheim tangu mwaka 1435. Huchelewa kuiva, na mabonde ya Mosel, Nahe na Rhein inakolimwa yako karibu na latitudo ya 50 kaskazini, ambako usiku wa majira ya vuli ni wa baridi. Baridi hiyo huichelewesha asidi isipotee ndani ya tunda, wakati jua la mchana linaendelea kuongeza sukari. Kando ya Mosel mizabibu husimama juu ya mawe meusi yaliyopasuka kama mabamba, yanayofyonza joto la mchana na kulitoa usiku; kwenye mlima wa Bremmer Calmont mteremko hufikia nyuzi 65 hivi, na uvunaji ni wa mikono.

Kazi ngumu zaidi hufanyika katika ghala la chini ya ardhi. Kwenye mdomo wa pipa huwekwa kibomba chenye maji, na gesi hutoka humo kwa mapovu: mwezi wa Oktoba yanafuatana upesi, kufikia Desemba linatoka moja, kimya kirefu, kisha jingine. Baridi ikizidi, hamira hulala na sukari hubaki. Mwenye pipa aamue kulipasha ghala joto kidogo, au asubiri hadi masika. Katika shamba la familia, kama lile la Keller huko Flörsheim-Dalsheim lililo mikononi mwa ukoo mmoja tangu 1789, anayetoa uamuzi huo anaijua mizabibu yenyewe, na ndiyo maana naliheshimu neno Gutsabfüllung kwenye kibandiko: linathibitisha kwamba zabibu zililimwa na mvinyo ukatiwa chupani na shamba lilelile.

Pipa lililokoma kwenye gramu 11 haliwezi kuitwa trocken, hata asidi yake iwe kali namna gani. Wakulima wengi huliuza kwa jina la feinherb, neno ambalo sheria haikuliwekea kipimo, na ladha yake hukaa kati ya ukavu na utamu.