Jina Halisilimu Wala Halibatizwi

Kazi yangu ni kutafsiri vyeti: vya kuzaliwa, vya ndoa, vya shule. Mteja akishalipa, huku akisubiri muhuri, huanza kuuliza habari za majina, na swali lililonichosha kuliko yote ni hili: "Mwalimu, hili ni la Kiislamu au la Kikristo?" Wiki hii kaja baba mmoja kijana ambaye mama mkwe amekataa katakata mjukuu aitwe Karim, eti wao ni Walutheri. Basi nimeandika. Atakayeniuliza tena nitamtumia hiki.

Dhana: Jina la Kiarabu ni la Kiislamu, la Kizungu ni la Kikristo

Si kweli. Anza na Abdallah. Mtu yeyote wa Pwani atakuapia kuwa ni la Kiislamu, ilhali ni jina la baba yake Mtume Muhammad, aliyefariki kabla mwanawe hajazaliwa, miaka mingi kabla aya ya kwanza haijashuka. Khadija na Omari nao waliitwa hivyo kabla ya Uislamu, na waliposilimu waliendelea na majina yao. Mtume alibadili majina yenye maana mbaya: mwanamke aliyeitwa Asiya, yaani muasi, akampa jina la Jamila. (Mwenye binti Asia asishtuke. Hilo la mke wa Firauni huandikwa kwa herufi nyingine za Kiarabu, ni sisi tunaoyachanganya kwa tahajia yetu.)

Halafu kuna Waarabu Wakristo, ambao wapo tangu kabla ya Uislamu. Mungu wao humwita Allah, kwa hiyo nao wana akina Abdallah wao, akina Karim, akina Salim, akina Khalil. Tariq Aziz, waziri wa Saddam Hussein, alikuwa Mkristo wa Kikaldayo. Boutros Boutros-Ghali, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 1992 hadi 1996, alikuwa Mkristo wa Kikoptiki, na Boutros ni Petro tu.

Tuje kwa hayo ya "Kikristo". Robert, William, Richard, Edward, Alfred: hakuna hata moja lililomo kwenye Biblia. Ni majina ya makabila ya Kijerumani ya kale, na asili yake ni ya kabla hawajamjua Kristo. Alfred maana yake ni shauri la vibwengo. Martin limetoka kwa Mars, mungu wa vita wa Warumi. Denis limetoka kwa Dionysus, mungu wa mvinyo wa Wagiriki. Yaani mzazi analikimbia jina la babu kwa kuwa "lina mizimu", kisha anatoka kanisani akitabasamu na mtoto aliyepewa jina la mungu wa pombe! Denis limekuwa la Kikristo kwa sababu ya mtu aliyelibeba, askofu wa Paris aliyekatwa kichwa katika karne ya 3.

Na si Ulaya peke yake. Kwa Waganda, Mukasa ni mungu wa ziwa, lile la Nyanza. Joseph Mukasa Balikuddembe, mmoja wa mashahidi wa Uganda, aliuawa kwa imani yake ya Kikristo Novemba 1885, enzi za Kabaka (mfalme) Mwanga. Kizito, kijana mdogo kuliko wenzake, aliuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu mwaka 1964, majina yao yakawa ya watakatifu sawasawa na Denis. Leo ninatafsiri vyeti vya akina Kizito wasio na tone la damu ya Kiganda, na hakuna padri anayewauliza jina "la dini" liko wapi.

Imani hii ina mzizi wake. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 ilimtaka padri ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa aongeze la mtakatifu kwenye daftari. Kambarage Nyerere alibatizwa wakati huo, mwaka 1943, akatoka akiitwa Julius. Sheria mpya ya 1983, kanuni ya 855, inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Ila waliofundishwa ya zamani wanaendelea kuyafundisha. Mobutu naye aliangukia shimo lile lile kutoka upande wa pili: mwaka 1972 alipiga marufuku majina ya ubatizo Zaire, akaanza kwa kuliacha lake la Joseph-Désiré.

Dhana: Kila jina lina maana ya kale

Orodha za mtandaoni zitakuambia Vanessa ni "kipepeo". Jina hilo lilitungwa na mwandishi Jonathan Swift katika karne ya 18, kwa kuunganisha vipande vya jina la rafiki yake, Esther Vanhomrigh. Vipepeo walipewa jina hilo baadaye.

Dhana: Shida na Tabu ni mikosi

Ni kumbukumbu za uzazi mgumu au mwaka wa njaa, kama Masika na Chausiku zilivyo kumbukumbu za majira na saa. Akina Shida ninaowajua wanahangaika na kodi ya nyumba kama mimi.

Dhana: Otieno lazima alizaliwa usiku

Otieno ni jina la Wajaluo la mzaliwa wa usiku, ila aliyezaliwa usiku huenda ni yule marehemu aliyerithiwa jina. Hata kwa Wakikuyu majina hurithiwa: mtoto wa kwanza wa kiume huchukua la baba wa baba yake, awe kazaliwa saa ngapi.

Dhana: Mtafsiri hutafsiri na majina

Yohana, John, Jean, Juan, Ivan na Yahya ni ndugu, wote watoto wa Yohanan wa Kiebrania. Kwenye karatasi ni watu sita tofauti. Cheti kikisema Yusufu nitaandika Yusufu, hata ukinilipa mara mbili. Unataka Joseph? Nenda kwa wakili akakuandalie hati ya kubadili jina.

Na hili nalirudia mpaka wateja wanapiga miayo: Muhammad, Mohamed, Mohammed, chagueni moja, liwe hilo hilo kwenye cheti cha kuzaliwa, cha shule na pasipoti. Amueni kabla mtoto hajaanza darasa la kwanza, maana mwalimu ataandika atakavyosikia, na herufi moja tu ikitofautiana mtakuja kuapa mbele ya wakili mwaka anaotafuta pasipoti.