Je, wajua kwa nini baozi huiva upesi kwenye mvuke na bado hutoka nyeupe?

Baozi ni donge la unga wa ngano lililoumuka kwa hamira, likajazwa kitu ndani, likafungwa kwa mikunjo juu na kupikwa kwa mvuke. Katika miji ya China huuzwa asubuhi na mapema, kutoka kwenye vikapu vya mianzi vilivyopandana kimoja juu ya kingine. Hadithi maarufu humpa sifa ya kuanzisha chakula hiki Zhuge Liang, waziri na kiongozi wa vita wa karne ya 3, lakini hiyo ni hadithi iliyoandikwa karne nyingi baada yake. Lililo wazi ni kwamba Wachina wamepika unga kwa mvuke kwa muda mrefu sana, na kila anayejaribu nyumbani hukutana na jambo moja la kushangaza: donge hutoka jeupe pe, ngozi yake laini na yenye kung'aa, bila doa la kahawia. Unga huo huo ungeingia kwenye oveni ungetoka na rangi ya dhahabu.

Jibu linalosikika sana jikoni ni kwamba mvuke ni moto wa upole. Oveni ina nyuzi 190 au 200, mvuke una nyuzi 100 tu, kwa hiyo unga hupashwa taratibu na hauungui. Jibu hilo linaingia akilini kirahisi, na ndiyo maana limeota mizizi. Nusu yake ya pili ina ukweli. Nusu ya kwanza si kweli hata kidogo: mvuke ni mojawapo ya njia kali zaidi za kupeleka joto ndani ya chakula ambazo jiko la nyumbani linazo.

Ushahidi uko mikononi mwetu. Mwokaji huingiza mkono kwenye hewa ya oveni yenye nyuzi 200 za Selsiasi kwa sekunde mbili tatu na kuutoa salama, mradi asiguse chuma. Mkono huo huo ukipita mbele ya mdomo wa birika linalochemka, penye nusu ya nyuzi hizo, ngozi hubabuka papo hapo. Saa ya jikoni nayo inashuhudia. Mkate mdogo wa gramu 60 huhitaji kama dakika 15 kwenye oveni ya nyuzi 190, ilhali baozi ya uzito huo, tena yenye mboga ndani, huwa tayari kwa dakika 10 hadi 12 juu ya maji yanayochemka. Kipimajoto hutueleza ukali wa joto. Hakituelezi ni joto kiasi gani limebebwa, wala litatolewa kwa kasi gani.

Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 100 kunahitaji kilojuli 420 hivi. Kuigeuza kilo hiyo yote kuwa mvuke, bila kupanda hata nyuzi moja zaidi, kunahitaji kilojuli 2,257, zaidi ya mara tano. Joto hilo lote huingia na kipimajoto kikabaki palepale. Limekwenda wapi?

Fikiria kibubu. Mtu anadumbukiza sarafu kila siku, na kwa nje kibubu hakibadiliki: udongo ule ule, umbo lile lile. Anayekitazama hawezi kujua kina kiasi gani. Siku kikivunjwa, akiba yote inamwagika kwa mara moja. Kila tone la maji linalogeuka mvuke limedumbukiziwa joto kwa njia hiyo na moto wa jiko lako. Mvuke unapanda, unakutana na unga wenye joto la chumba, na hapo kibubu kinavunjika: mvuke unarudi kuwa maji juu ya ngozi ya baozi na kutoa akiba yake yote kwa mpigo. Hewa kavu ya oveni haina akiba ya namna hiyo. Inatoa kidogo ilichonacho, kisha inabaki imeuzunguka mkate ikiwa imepoa, na kuizuia hewa yenye moto zaidi isifike. Mvuke hauachi kizuizi hicho. Unapogeuka maji, ujazo wake hupungua takriban mara 1,600, na nafasi iliyoachwa hujazwa mara moja na mvuke mwingine uliobeba kibubu chake.

Hesabu yake inapendeza. Kupasha baozi moja ya gramu 60 kutoka nyuzi 28 hadi karibu 100 kunahitaji kilojuli 13 hivi. Gramu 6 za mvuke zinatosha, yaani maji yanayozidi kidogo kijiko kimoja cha chai. Maji hayo ndiyo yanayoipa ngozi ule mng'ao, na ndiyo yanayofanya baozi igande chini usipoiwekea kipande cha karatasi ya kuokea au jani la kabichi.

Sasa weupe. Kibubu hiki huvunjika tu kikigusa kitu chenye nyuzi chini ya 100. Ngozi ya baozi ikishafika nyuzi 100, mvuke hauna tena sababu ya kugeuka maji juu yake, na upashaji unasimama wenyewe. Hakuna kifaa cha kuzimia, hakuna mpishi wa kusimamia. Ukali ule wote wa mwanzo unakoma kwenye mpaka usiovukika, na mpaka huo uko chini mno kwa rangi ya kahawia. Rangi ya mkate wa oveni hutokana hasa na sukari na vijenzi vya protini kuungana kwa joto, badiliko ambalo Mfaransa Louis Camille Maillard alilieleza mwaka 1912. Hushika kasi kuanzia nyuzi 140 hivi, tena juu ya uso uliokauka. Oveni hukausha ngozi ya mkate kwanza, kisha joto la ngozi hiyo hupanda kupita nyuzi 100. Mvuke hauruhusu ngozi ikauke.

Hapa pana tahadhari moja. Badiliko hilo halisubiri nyuzi 140 ndipo lianze. Chini ya hapo huenda, ila polepole sana. Maziwa yanayochemshwa kwa muda mrefu hugeuka rangi ya malai kwa sababu hiyo. Dakika 12 za baozi ni chache mno kwa jambo hilo kuonekana.

Wapo pia wanaoamini kuwa weupe unatoka kwenye ute wa yai, maziwa au dawa ya kupausha unga. Unga wa baozi wa kawaida ni ngano, maji, hamira na sukari kidogo. Kuhusu dawa, China ilipiga marufuku benzoili peroksaidi, dawa iliyokuwa ikitumika kupausha unga, kuanzia Mei 2011, na baozi za nchi hiyo hazikugeuka kahawia. Unga usiopaushwa hutoa weupe wenye umanjano hafifu, basi.

Kinachoweza kweli kuiharibu rangi ni magadi. Zamani, na hata leo kwa wanaoenzi njia ya zamani, unga uliumuliwa kwa donge chachu lililobakizwa tangu jana. Uchachu wake ulipunguzwa kwa magadi, kemikali ya ukoo mmoja na magadi ya Ziwa Magadi tunayotia kwenye maharage na makande. Yakiwa machache, baozi ina ukakasi. Yakizidi, inatoka ya manjano, na hapo joto halihusiki kabisa: ndani ya ngano mna viambato vya asili visivyo na rangi, ambavyo hugeuka manjano vinapokutana na magadi. Ukiona madoa ya manjano kwenye baozi zako, angalia kama hukuzidisha magadi soda au baking pauda, au kama hukuichanganya vibaya ikabaki madonge.

Asiyekula chochote kitokanacho na mnyama ana bahati hapa, kwa kuwa unga hauna cha kuondolewa. Mikate mingi laini ya oveni huegemea siagi, maziwa na yai ili ngozi isikauke. Kwenye mvuke kazi hiyo hufanywa na maji yenyewe. Unaponunua uulize tu, maana baadhi ya wapishi hutia mafuta ya nguruwe au maziwa kwenye unga. Nyumbani, gramu 300 za unga, mililita 155 za maji ya uvuguvugu, kijiko kimoja cha chai cha hamira, vijiko viwili vya chai vya sukari na kimoja cha mafuta hutoa madonge 12. Kanda mpaka unga uwe laini kama sikio. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa huumuka upesi kuliko mapishi mengi yanavyosema, kwa hiyo tazama unga, usitazame saa.

Ugumu wa baozi isiyo na nyama uko ndani. Baozi za mboga ni za kale nchini China. Monasteri za Kibuddha zimekuwa zikipika bila nyama, tena bila vitunguu wala vitunguu saumu, na Shanghai ina baozi yake maarufu ya mboga za majani, uyoga mkavu wa shiitake na tofu. Wapishi hao wote wanapambana na maji. Kabichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na joto la mvuke likipasua chembe zake, maji hayo hukimbilia kwenye unga wa ndani na kuufanya uji unaonata. Nyama nayo hutoa maji, lakini yanatoka pamoja na mafuta, ambayo huzuia unga usiloane kupita kiasi.

Dawa ni kuyatoa maji kabla. Katakata nusu kilo ya kabichi, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha chumvi, acha dakika 20, kisha kamua kwa nguvu ndani ya kitambaa. Utashangazwa na kiasi kinachotoka. Changanya mafuta ya ufuta kwanza, yaivike mboga, ndipo utie sosi ya soya, kwa sababu chumvi ya sosi ikitangulia huanza kuvuta maji upya. Uyoga mbichi ukaange mpaka kikaango kikauke. Shiitake mkavu ndio unaoleta ladha ile nzito ambayo watu huidhania ya nyama. Loweka, na yale maji yake yatumie kulowekea tambi nyembamba za choroko. Tambi hizo zikikatwakatwa humo ndani hunyonya maji yanayobaki. Mjazo uwe umepoa, lakini usitoke kwenye jokofu moja kwa moja, maana kiini baridi huchelewa kuiva.

Lipo pia tatizo la baozi kunywea. Zinatoka zimevimba vizuri, kisha ndani ya dakika moja zinasinyaa kama tunda lililokauka. Lawama huangukia kifuniko: kimefunuliwa mapema, hewa baridi imeingia. Hewa baridi ina sehemu yake, ila angalia kinachoendelea ndani. Vishimo vya unga vimejaa mvuke, na mvuke ukipoa ujazo wake huporomoka kwa kiwango kile kile tulichokiona. Ukuta ulioiva na wenye nguvu husimama. Ukuta dhaifu, wa unga ulioumuka kupita kiasi au ambao haukukandwa vya kutosha, husukumwa ndani na hewa ya nje. Wapishi wengi huzima moto na kuacha kifuniko wazi kidogo kwa dakika tatu hadi tano. Ni ushauri wa uzoefu wa jikoni zaidi kuliko wa maabara, na haudhuru, lakini hauwezi kuokoa unga uliochoka. Matone ya kifuniko cha bati ni adui mwingine, kwa sababu yakidondoka huacha mabaka yaliyobonyea. Kikapu cha mianzi huyanyonya. Sufuria ya kawaida ifunge kifuniko chake kwa kitambaa, na ncha zake uzifungie juu mbali na moto.

Mpaka wa nyuzi 100 nao si mmoja kila mahali. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Lhasa, mji wa nyanda za juu za Tibet, kwenye 88 hivi. Mvuke wa Nairobi unafika kwenye baozi ukiwa na mpaka wa chini zaidi, kwa hiyo ongeza dakika mbili au tatu. Kuongeza moto hakusaidii; maji yatakauka upesi tu na nyuzi zitabaki zile zile.

Shanghai wana baozi moja inayoonyesha mambo haya yote kwa wakati mmoja, nayo ni shengjian. Madonge hupangwa kwenye kikaango kipana chenye mafuta, maji humiminwa, kifuniko hufungwa. Maji yakiwapo, hata sehemu ya chini haiwezi kupita sana nyuzi 100, na mvuke huivisha ya juu. Yakiisha, mafuta hupanda joto, na sehemu ya chini hukauka, ikageuka kahawia na kuwa kavu ya kumumunyuka, ilhali juu pamebaki peupe, panangoja ufuta. Unga na mjazo ule ule wa mboga unafaa kabisa. Sikiliza kikaango: mchemko wa maji utageuka kuwa mlio mkavu wa kukaanga, na kuanzia hapo una dakika mbili hivi kabla sehemu ya chini haijaanza kuungua.