Hadithi za kihistoria za watoto wa Kiyahudi si za vita tu

Wengi huamini kwamba hadithi za kihistoria wanazosomewa watoto wa Kiyahudi huhusu tu mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Si ajabu, maana ndizo zinazovuma zaidi.

Zipo nyingi zinazoanzia kwingine: Hispania mwaka 1492, Wayahudi walipofukuzwa, au New York mwanzoni mwa karne ya 20, ambako mhamiaji akikataa kushona nguo Jumamosi, siku ya Sabato, aliweza kupoteza kibarua. Humo maadili hayahubiriwi. Ijumaa, jua likikaribia kuzama, mama anadondosha sarafu kwenye kopo la kuwachangia maskini, ndipo anawasha mishumaa ya kuikaribisha Sabato. Mtoto anaona tu kwamba kutoa hakungoji utajiri. Kwa Kiebrania huitwa tsedaka, neno la mzizi mmoja na haki (na ni ndugu wa “sadaka” yetu, iliyotujia kupitia Kiarabu).

Kuhakiki si kazi. Chukua kitabu cha aina hiyo, tazama mwaka na mji. Mara nyingi mwandishi hueleza mwishoni kipi cha kweli na kipi amebuni. Kisha soma Kumbukumbu la Torati 15:7-8, ulinganishe na mkono wa yule mama.