Kolokolo wa Karamoja hakai kileleni

Wageni wanaofika Moroto, kaskazini-mashariki mwa Uganda, kumtafuta ndege aitwaye kolokolo wa Karamoja huutazama mlima na kuuliza, "Kesho tunapanda saa ngapi?" Mlima wenyewe una mita 3,083 na msitu wake wa juu unapendeza. Lakini ndege wao hayuko huko. Nawapeleka kwenye miiba, huku chini penye joto na vumbi, na tunatoka alfajiri maana jua likishapanda anatulia ndani ya kichaka na kunyamaza.

Siku moja mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alisimama kututazama. "Mwanangu, mnatafuta nini kwenye pori tupu?" Nikamwonyesha kwa darubini. Alicheka kwa furaha: amepita hapo maisha yake yote, na kandege hakazidi sentimita 11 hivi, mkia ukiwemo.

Mgongo ni kijivu, tumbo jeupe lililofifia, manyoya ya pembeni mwa mkia ni meupe. Ila mimi huanza na bawa. Likikunjwa, linabaki na baka jeupe. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu migunga hiyohiyo ina kandege kengine kadogo, Phyllolais pulchella, ambako nako kana weupe mkiani. Hako tumbo lake ni la manjano hafifu na bawani hakana baka. Subiri ageuke ubavu kabla ya kuandika chochote.

Kwa kisayansi kolokolo huyu ni Apalis karamojae; jina karamojae alilipata mwaka 1921 kutoka kwa mtaalamu wa ndege van Someren, kwa ndege aliyepatikana mlima Kamalinga, huko Napak. Kwenye hifadhi ya Kidepo yupo pia. Ukitoka hapa kuelekea kusini unasafiri mamia ya kilomita bila kumwona, kisha anatokea tena: Tanzania, Wembere na Serengeti, na ng'ambo ya mpaka upande wa Mara, Kenya. Wa kusini ni nususpishi nyingine, stronachi, iliyopewa jina mwaka 1985. Wao wameshikamana mno na ule mgunga wa udongo mweusi wenye vinundu vinavyokaliwa na sisimizi, ambao upepo ukipita kwenye matundu yake unapiga mluzi. Anachokifuata mitini humo ni wadudu, anaowadonoa jani kwa jani.

Ndiyo maana neno "pori tupu" linaniuma. Tukizungumza uhifadhi, macho yote yanaenda kwenye miti mirefu ya juu, na miiba ya chini inahesabiwa kuwa kuni zinazosubiri shoka. Ukuta wa miiba kuzunguka manyatta siulalamikii, ng'ombe lazima walindwe. Mkaa wa kupakiwa kwenye malori ni jambo lingine: unamaliza kichaka kizima. Mahali nilipowapeleka wageni miaka mitatu mfululizo sasa ni visiki. Jozi niliyoipata baadaye ilikuwa ng'ambo ya korongo, kwenye migunga michache ambayo bado haijaguswa.